Kitabuni Si Hivi

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumamosi, nilitolewa nje ya banda la video hapa kwetu Malolo. Sikuwa nimelewa, sikuvuta sigara ndani, wala sikupenya kupitia nyuma kama watoto. Mia tatu yangu nililipa mlangoni, nikachorwa alama ya kalamu juu ya mkono, na alama hiyo ilikaa wiki nzima kwa sababu wino wenyewe hautoki kwa sabuni wala kwa jivu. Nilitolewa kwa ajili ya maneno matatu tu: "Kitabuni si hivi."

Nakiri niliyasema zaidi ya mara moja. Mwenye banda anadai mara kumi na moja, lakini hesabu zake ni zile zile zinazoingiza watu sabini kwenye benchi za watu arobaini. Uvumilivu ulipomwishia alisimamisha muvi, akaja mpaka nilipokaa, akainama kwa heshima zote. "Shikamoo, mzee wangu." Nikaitika marahaba. "Naomba utupishe." Ndiyo adabu ya kusini hiyo. Hufukuzwi mpaka uamkiwe kwanza.

Mtu wa Malolo alitakiwa awe mwepesi wa kusamehe habari za asili, maana hata asili yetu wenyewe haijatulia. Ukiwauliza wazee wanatoka wapi watakwambia Nachingwea, kwa kuwa enzi zao ndiko tulikohesabiwa. Ukiwauliza vijana watakwambia Ruangwa, kwa kuwa ndiko wilaya ilipo. Ndani ya nyumba moja baba ni mtu wa Nachingwea, mtoto ni mtu wa Ruangwa, na hakuna aliyehama hata hatua moja. Hilo nimelisamehe. Waliombadilishia Spider-Man asili yake, bado.

Kabla hujaniona nimechanganyikiwa, nikueleze vitabu vyenyewe nilivipata wapi. Mwaka 1996 nilikuwa mtunza bustani Oysterbay, Dar es Salaam, kwa familia moja ya wageni. Mkataba wao ulipokwisha wakagawa vitu. Mpishi alipata friji, mlinzi akapata baiskeli, yaya akapata godoro. Mimi nikapewa katoni nzito iliyofungwa kwa gundi ya karatasi. Nikaibeba begani mpaka chumbani kwangu nikiamini ni sahani. Kumbe ni vitabu vya katuni vya mtoto wao, vya mashujaa wa Kimarekani, Superman hadi Iron Man. Usiku ule nililala nimenuna.

Leo friji la mpishi ni kabati la nguo, baiskeli ya mlinzi iliibwa akiwa lindoni, na godoro la yaya silizungumzii. Katoni yangu ipo chini ya kitanda. Ndiyo iliyonifundisha Kiingereza, ukurasa mmoja baada ya mwingine, kamusi ikiwa pajani. Mchwa wameonja kidogo. Superman wangu ana tundu kifuani, yeye ambaye risasi zote zilishindwa naye.

Humo ndimo nilimogundua kwamba kwa Wamarekani mtu hawi shujaa hivi hivi. Lazima iwepo siku. Sisi tuliokulia kwenye kurasa za gazeti la katuni la Sani hatukuwa na taabu hiyo. Ndumilakuwili hakung'atwa na mdudu yeyote. Tulimkuta mnafiki, tukamwacha mnafiki. Madenge hakumwagikiwa na dawa ya maabara. Utundu ulikuwa wake mwenyewe. Lakini Superman lazima arushwe akiwa mtoto mchanga kutoka kwenye sayari inayolipuka. Batman lazima ashuhudie baba na mama yake wakiuawa barabarani. Spider-Man lazima ang'atwe. Hapo ndipo shujaa anapoanzia, na hapo ndipo watu wa sinema hawawezi kutuliza mikono.

Chukua huyo wa kung'atwa. Kitabuni, Agosti 1962, maneno ya Stan Lee na michoro ya Steve Ditko, kijana Peter Parker anakwenda kutazama maonyesho ya sayansi. Buibui anapita kwenye mionzi, anamng'ata, anakufa. Anayekufa ni buibui. Peter anapata nguvu, na kwa kuwa kichwa chake ni cha kemia, anakaa chini na kujitengenezea vifaa vya kurushia utando, anavivaa mikononi. Njoo sasa kwenye sinema ya mwaka 2002. Buibui hana mionzi tena, amechezewa vinasaba. Na ule utando? Unamtoka kijana mwenyewe mikononi kama jasho! Ufundi wote wa mtoto yatima, usiku wake wote wa kuchanganya dawa, umefutwa ili mtazamaji asichoke. Hapo nilisema mara ya kwanza.

Mara ya pili ilikuwa kwa Ben. Banda zima linamwita Anko Ben, na wanaojua Kiswahili wanamwita mjomba. Jamani, Ben ni kaka wa baba yake Peter! Huyo ni baba mkubwa, na mkewe May ni mama mkubwa. Kwingine mtaniambia ni jina tu. Kwetu Wamwera ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba si jina, ni cheo. Mjomba ndiye anayeulizwa mpwa akitaka kuoa, na ndiye anayeulizwa mpwa akiharibu. Ben angekuwa mjomba kweli, Peter asingethubutu kutoka usiku kwenda kucheza mieleka bila kumwambia. Haya yote niliyaeleza nikiwa nimesimama, na Ben alikuwa amelala barabarani anakata roho. Nakubali sikuchagua wakati mzuri. Kuna mama alikuwa analia.

Isitoshe, muvi yenyewe haitufikii ilivyotoka kwao. Tangu enzi za mtafsiri Lufufu tumezoea muvi zilizotafsiriwa. Kuna mtu na kipaza sauti, anawanyamazisha Wazungu anapotaka, anatusimulia kwa Kiswahili chake, na anapoona mambo yamepoa anaongeza chumvi. Mtafsiri wa Jumamosi ile alimpa Peter jina la Juma, akamhamishia Mbagala, na yule adui wa kijani akawa mganga aliyedhulumiwa pesa zake. Kwa hiyo kitabu kimebadilishwa na Hollywood, Hollywood imebadilishwa na mtafsiri, na mtafsiri anakatizwa na betri ya sola inayokata moto kila steringi anapokunja ngumi. Hadithi inafika Malolo kama abiria wa Dar es Salaam. Ameshuka Lindi, akapanda gari lingine hadi Ruangwa, akamalizia kwa bodaboda, na begi moja halionekani.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ndiye mwenye hiyo bodaboda. Alinikuta nje ya banda nimekaa juu ya tofali, sauti za ngumi zikinijia kupitia ukutani.

"Mjomba, twende nyumbani."

"Wamenifukuza."

"Nimesikia. Hata kisimani wamesikia." Akawasha pikipiki, kisha akaizima. "Lakini hivi, mjomba, kwenye hizi muvi wewe unatafuta nini hasa? Ukitaka kitabu si unacho uvunguni?"

Swali hilo liliniudhi kwa sababu sikuwa na jibu. Usiku sikulala. Nikatoa katoni, nikawasha tochi ya simu, nikaanza kuhesabu mabadiliko ninayoyachukia na yale ambayo, Mungu anisamehe, niliyapenda.

Iron Man, kwa mfano. Kitabuni, Machi 1963, tajiri Tony Stark anajeruhiwa kwa bomu la kutegwa huko Vietnam. Sinema ya 2008 imempeleka Afghanistan. Hilo sina ugomvi nalo. Wangemwacha Vietnam, leo angekuwa anafuatilia pensheni. Lakini tazama walichoongeza. Kwenye sinema kombora linaloanguka mbele yake lina jina la kampuni yake mwenyewe. Silaha aliyoiuza imerudi kwa mwenyewe, kama mkuki uliotupwa juu. Hapo wamembadilisha na bado wamempatia.

Batman wakamkosea. Kitabuni, mwaka 1939, wazazi wake wanauawa na mwizi wa barabarani tu, mtu wa kuvizia mikufu, ambaye baadaye sana alikuja kupewa jina la Joe Chill. Sinema ya 1989 ikasema hapana, aliyewaua ni Joker, adui yule yule anayepambana naye ukubwani. Unaona walichofanya? Mtoto aliyeachwa na swali lisilo na jibu juu ya mji mzima, wamempunguzia, wamempa mtu mmoja wa kulipiza kisasi. Ile haikuwa tena hadithi ya mlinzi wa mji, ilikuwa kesi ya familia.

Nikafika Wakanda, ile nchi ya kubuni ya shujaa T'Challa, na hapo hasira zikanipanda hadi mke wangu akaamka akidhani kuna nyoka. Wanatuambia Wakanda ipo Afrika Mashariki. Vema. Sasa mbona wote wanazungumza Kixhosa, lugha ya Afrika Kusini? Nchi nzima ya majirani zetu na hakuna hata mtu mmoja anayeamkia shikamoo! Lakini hilo nalo ni dogo. Kitabuni, mwaka 1966, mfalme wao, baba yake T'Challa, anauawa na mgeni aitwaye Klaw, aliyekuja kutaka madini yao, ile vibranium. Sisi watu wa Ruangwa hadithi hiyo hatuhitaji kutafsiriwa. Chini ya miguu yetu kuna kinywe, lile jiwe jeusi la kwenye penseli ambalo siku hizi dunia inalitafuta kwa ajili ya betri, na kila gari geni likipita barabarani tunasimamisha majembe kulitazama. Kwenye sinema ya 2016 mfalme huyo huyo anauawa kwa bomu kwenye mkutano wa Vienna, na mtu ambaye vibranium hata haimshughulishi. Wameyatoa madini kwenye kifo kile, wakaacha mwili mtupu.

Halafu mwaka 2018 wale wale wakanitengenezea jambo ambalo kitabuni halimo. Killmonger wa kitabuni, adui wa T'Challa, uchungu wake unaanzia kwa wavamizi wa Klaw. Wa kwenye sinema ni mtoto wa ndugu yake mfalme. Mfalme alimuua ndugu yake huko Marekani, akamtelekeza mtoto, akarudi nyumbani kunyamaza. Kosa limetoka kwa mgeni, likawekwa sebuleni kwa shujaa mwenyewe. Nikafunga kitabu kwa heshima.

Storm naye nisimsahau, kwa kuwa huyo ni wetu. Kitabuni mama yake ni binti wa kifalme kutoka Kenya, baba ni mpiga picha wa Kimarekani. Wazazi wanafia Cairo, mtoto anakuwa mwizi wa mifukoni, kisha anatembea kusini mpaka nyika za Serengeti, na huko watu wanamheshimu kama mungu kwa sababu anaita mvua. Anaita mvua! Sinema ya mwaka 2000 inamkuta tayari yuko Marekani amevaa ngozi nyeusi, hakuna anayeuliza alifikaje. Ya 2016 inamkuta Cairo, anaiba, basi, na safari ya kusini wameikata. Sisi huku ufuta unakauka ukiwa na urefu wa kidole, na mtu pekee wa kutuletea mvua wamemchukulia Misri.

Kufikia alfajiri nilikuwa nimepata sheria. Asubuhi, Jumapili, nikaenda kuitangaza barazani kwa mjomba wangu, ambako familia hukutana. Mjomba wangu, tofauti na Ben, yu hai. Anakaribia miaka themanini na bado anamenya muhogo kwa kisu upesi kuliko shangazi zangu wote. Mpwa wangu alikuwepo, mke wangu alikuwepo, watoto wa jirani walikuwepo.

"Sheria ni hii," nikasema. "Buibui mbadilisheni. Vita ihamisheni. Nguo mshoneeni mnavyotaka. Lakini kosa la shujaa msimfutie. Peter Parker si shujaa kwa sababu aling'atwa. Kuna mwizi alipita mbele yake anakimbia, askari akapiga kelele azuiwe, na Peter akampisha akiona si kazi yake. Mwizi huyo huyo ndiye aliyekuja kumuua Ben. Ukiligusa hilo umeua hadithi."

"Na wameligusa?" akauliza mpwa wangu.

"Wameligusa! Ya 2002 ilimpa sababu. Kitabuni Peter hakuwa amedhulumiwa na mtu, alikuwa ametoka kuonekana kwenye televisheni, kichwa kimevimba. Kwenye sinema mwandaaji wa mieleka amemdhulumu, amemwahidi dola 3,000 akampa 100, ndiyo maana anampisha mwizi anayemwibia mdhulumaji. Mtu unamwonea huruma! Ya 2007 ikazidi, ikatuambia aliyefyatua risasi alikuwa mtu mwingine kabisa, na yenyewe ilimponyoka kwa bahati mbaya. Na ya 2012 ndiyo kichekesho. Peter yuko dukani, senti mbili zimempungua, muuzaji kamnyima maziwa. Mwizi anakomba pesa za duka, na akiondoka anamrushia Peter yale maziwa. Peter anayapokea, anamwacha aende. Sasa nani anamwuza baba mkubwa kwa maziwa? Wapi na wapi?"

Mjomba akaendelea kumenya muhogo.

Mpwa wangu akauliza kama sisi hatuna steringi wa namna hiyo, mwenye siku yake. Nikamwambia tunaye, na buibui wa Amerika amkome. Mwaka 1904 kule Ngarambe, upande wa Wamatumbi, Kinjeketile Ngwale aliingia kwenye kidimbwi cha maji. Ndugu zake wakamtafuta wasimwone, wakalala ukingoni wakisubiri maiti. Kesho yake asubuhi akatoka mzima, na nguo zake zimekauka. Ndivyo wazee walivyosimulia. Akawapa watu maji ya kugeuza risasi za Mjerumani, na mwaka uliofuata vita ya Maji Maji ikawaka. Moto ule ulifika mpaka huku kwetu, misheni za Nyangao na Lukuledi zikachomwa.

"Yeye wamemfanyia sinema?"

"Ebrahim Hussein alimfanyia tamthilia, 1969, na alisema wazi kwamba Kinjeketile wake ni wa kisanaa, si yule wa historia. Wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndiyo kwanza inaanza. Hussein amemweka hai muda wa kutosha ili ajiulize kama maji yale yatawalinda kweli watu waliomwamini. Amemwongezea mzigo. Hajamfutia." Nikanyoosha kidole kama mwalimu mkuu. "Hiyo ndiyo kazi ya mtu mzima. Unambadilisha mtu bila kumtua mzigo."

Hapo mtoto mmoja wa jirani, ambaye mama yake hajamfunza, akauliza, "Na wewe babu, mguu wako ulifanyaje?"

Nachechemea. Mguu wa kushoto. Malolo nzima inajua kwa nini, kwa sababu mimi mwenyewe nimewaambia. Nikakaa vizuri. Ni hadithi ninayoijua kuliko sala.

Msimu wa korosho wa 1989, nina miaka 18, mjomba aliniachia gunia mbili nilinde usiku, asubuhi zipelekwe chama cha msingi. Usiku wa manane nikagundua gunia moja halipo. Nikaona alama za tairi za baiskeli kwenye vumbi. Nikachomoka peke yangu, bila tochi, bila rungu, nikamfuata mwizi gizani mpaka kwenye mashimo ya tofali. Nikatumbukia. Mguu ukavunjika. Mwizi akaponea hapo, lakini watu walijua kijana wa ukoo gani alimkimbiza.

Watoto wakaguna kwa heshima. Mke wangu akatabasamu kwa mbali. Ndiyo hadithi iliyomfanya aikubali posa. Mpwa wangu akanipiga begani.

Mjomba akaweka kisu chini. "Kitabuni si hivi, mjomba," akasema. Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, na siku zote nilikuwa napenda anavyoniita. Siku ile sikupenda.

"Mwanzo wake ameuruka," akawaambia watoto, kwa upole, kama anayesahihisha hesabu. "Usiku ule jirani yangu alikuwa ametegua pombe ya uraka. Mabibo yalikuwa mengi, harufu inafika hapa. Huyu akaacha lindo, akaenda. Njiani akamkuta mtu na baiskeli, gunia limemshinda kulipandisha nyuma. Gunia la korosho si la mtu mmoja. Huyu akamshikia. Akasukuma kwa chini, wakalifunga kwa mpira wa tairi. Yule bwana akamshukuru, akammiminia uraka kwenye kikombe, huyu akanywa, wakaagana. Korosho za nani, hakuuliza."

Baraza likawa kimya. Kuku mmoja akapita.

"Gunia lilikuwa na kiraka," mjomba akaongeza. "Cha kanga ya mke wangu, nyekundu. Alikishona, huyu akimshikia taa."

Ni kweli. Na mkono wangu ulipita juu ya kiraka hicho nilipokuwa nasukuma. Ulihisi mshono. Miaka yote hii nimejiambia kulikuwa na giza, na giza lilikuwepo, lakini vidole havihitaji taa. Niliogopa kuuliza kwa sababu jibu lingeniondoa kwenye kikombe. Nilipokimbia baadaye sikuwa namkimbiza mwizi, nilikuwa nakimbilia kulirudisha kabla mjomba hajaamka. Yeye ndiye aliyenitoa shimoni kulipokucha, akanipakia nyuma ya baiskeli yake, pale pale pa kukaa gunia, akanisukuma mpaka zahanati. Mbuzi wawili waliuzwa kuziba deni. Mguu ulipokaza nikaenda Dar es Salaam. Wote niliwaambia nimekwenda kutafuta maisha.

"Sasa mbona siku zote hukusema?" nikamwuliza, sauti yenyewe haitoki.

Mjomba akachukua kisu, akarudi kwenye muhogo. "Ulikuwa unaisimulia vizuri."

Mke wangu hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. Akanitengea chai, akaweka kikombe mbele yangu, akakitazama, akanitazama. "Uraka umekwisha," akasema. "Vumilia chai." Siku tatu mfululizo kila kinywaji nyumbani kwangu kiliitwa uraka.

Jumamosi iliyofuata nikarudi bandani. Mwenye banda alinipokea kwa shikamoo ya tahadhari, akadai mia tatu ya kiingilio na mia tano ya dhamana. Nikifunga mdomo hadi mwisho narudishiwa mia tano, nikifungua, imeliwa. Nikalipa. Nikakaa benchi la nyuma, mpwa wangu pembeni. Habari za Malolo hazina mguu mbovu kama mimi, zilikwishafika zote, na watoto wa benchi la mbele walikuwa wanageuka kunitazama kama mimi ndiye trela.

Muvi ilikuwa ile ya 2012. Nilinyamaza buibui alipong'ata. Nilinyamaza mtafsiri alipomwita Ben mjomba. Kikaja kile kipande cha dukani. Senti mbili zikapungua, muuzaji akakataa, mwizi akakomba pesa, na maziwa yakarushwa yakapita hewani polepole kuliko yalivyowahi kupita. Peter akayadaka.

Banda zima likasonya. "Mjinga huyu," akasema mtu upande wa mlangoni. "Kwa maziwa!"

Mtoto mmoja wa mbele akageuka moja kwa moja kwangu. "Babu, kitabuni kuna maziwa?"

Mwenye banda alikuwa amesimama kando ya televisheni, mia tano yangu inaonekana kwenye mfuko wa shati lake. Mpwa wangu akanifinya goti, lile zima.

"Kitabuni hakuna maziwa," nikasema. "Lakini ndivyo ilivyokuwa."